Baba Ngalula, Redio Yako Tumeifungua

Baba Ngalula,

Kabla hujaisikia kwa mdomo wa mdogo wako Kalala, uisikie kwangu: redio yako tumeifungua. Mimi na binti yako, kwa bisibisi yako mwenyewe, juu ya meza yako mwenyewe. Usikasirike kwanza. Acha nikueleze pole pole, maana ni habari nzuri, ila ilianza vibaya.

Nakuandikia hapa barazani, kwenye karatasi ya mirabaraba niliyochana katika daftari la Ngalula. Ni saa tisa mchana. Kalala amelala kwenye kiti chako, kinywa wazi, na abakosi yake, ile suti ya heshima, ameitundika msumarini isikunjamane. Anangoja treni iliyosemwa itaondoka jana. Treni hizo unazijua kuliko sisi, hapo sina la kukufundisha.

Matanga yako tuliyatoa Jumamosi. Nguo nyeusi nimezivua. Nimevaa kile kikwembe, kitenge cha maua ya manjano, ulichosema kinanifanya nifanane na mke wa komiseri. Na watu walikula, Baba Ngalula. Sombe, samaki wa Lualaba, wali mpaka sufuria ikakwanguliwa. Hata wale mliogombana nao kule depo ya reli walikula, wakarudisha sahani waongezewe. Sijisifu. Nasema tu walivyosema watu wenyewe, kwamba mtaa wetu wa Mikelenge haujaona matanga yametolewa namna hiyo.

Sasa redio.

Sheria yake unaikumbuka, maana wewe njo uliyeiweka. Hakuna mkono wa mtoto, hakuna mkono wa mgeni, na mkono wangu mimi ni wa kupangusa vumbi tu. Uliifunika kwa kitambaa nilichokifuma. Betri zikichoka ulizianika juani kama mihogo, na jioni zilikuwa zimeamka tena, unanitazama kama vile jua ni lako. Basi ulipotutoka, ndugu zako walikaa wakagawa vitu inavyotakiwa. Baiskeli kwa huyu, mashati kwa yule, viatu kwa Kalala, ambavyo vinambana na bado anavivaa. Ikabaki redio. Kalala akasema, "Kaka amelala mbali na kwao. Mama yetu hataona kaburi lake. Kile kilichokuwa kinasema ndani ya nyumba yake, njo kitaenda kwa mama." Hakuna aliyebisha, hata mimi sikubisha, kwa sababu ni haki. Mama yako miguu imekwisha, kutoka Kasai mpaka hapa Kindu hawezi kufika. Wakaniachia redio niitunze mpaka siku ya kutoa matanga. Niliapa mbele yao wote kwamba nitaitoa kama nilivyoipokea.

Njo kiapo hicho nilichokivunja. Lakini ngoja. Lazima nirudi kwanza kwenye tuyo la jikoni.

Lile bomba refu la chuma ulilolibeba begani kutoka depo, ukalisimamisha juu ya moto wangu litoe moshi. Ndani yake, chini kidogo, ulitia wavu wa chuma ili panya wasishuke. Miaka yote hiyo lilitoa moshi kimya kimya, kama bomba lenye adabu. Ila wiki ile ya kukulilia, wanawake walikuja kunisaidia kupika, wakawasha moto wa kuchoma nyumba. Mama Asina, jirani, alipoteremsha sufuria kubwa ya maharagwe, tuyo likalia. Sauti nzito, ndefu, ya mtu aliyefunga mdomo. Uuuuu. Jikoni hakubaki mtu. Mama Asina alikimbia mpaka barabarani na mwiko mkononi, sandali moja ikabaki kwangu. Nje wakaanza kusema, "Baba Ngalula analia. Kuna kitu mumemunyima." Kila mtu akafikiria amekunyima nini. Mwisho mzee mmoja wa depo akasema ni bia. Wakaleta bia, wakaimwaga pale kwenye moto, moto ukazimika, tuyo likanyamaza. Basi ikawa imethibitika. Mtaa mzima ulijua wewe umekufa na kiu.

Nami niliamini. Sitakuficha. Watu walipoondoka, nyumba ikabaki na mimi tu na vitu vilivyogawanywa, nilikuwa nawasha moto mchana bila kuweka sufuria. Ninangoja wavu uwe mwekundu, navuta kuni, na wewe unaanza kulia. Nilikusimulia mambo. Nilikwambia paa la upande wa choo linavuja. Nilikwambia Ngalula amefaulu mtihani. Ukanijibu uuuu, na mimi nikaona ni sawa, hata ukiwa hai hukuwa mtu wa maneno mengi. Kuni ziliisha haraka miezi ile.

Kisha Ngalula akaja likizo kutoka Kisangani. Mtoto wako ni wa kwanza kati ya wasichana wote wanaosomea ufundi umeme katika shule yao. Ni kweli wasichana wenyewe ni wawili tu, lakini wa kwanza ni wa kwanza. Alipita njia ya Lubutu juu ya lori la mafuta ya mawese. Lori likazama kwenye matope karibu na Obokote, wakakaa siku tatu. Alishuka kwangu mwekundu wa udongo toka nywele mpaka kucha, kichwani mzigo, na mkononi mfuko wa plastiki hataki mtu aushike. Tabia yako hiyo.

Siku ya pili nikamwita jikoni, kwa heshima, amsalimu baba yake. Nikawasha. Tuyo likalia. Na Ngalula akacheka. "Mama, hiyo ni hewa," akasema. Alipoona uso wangu aliacha kucheka, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Akaanza kunieleza. Hewa inapita kwenye wavu wa moto, inavimba, inasukuma, inarudi, inasukumwa tena, upesi upesi, na kusukumana huko njo sauti. Nikamwambia baba yako si hewa. Nilimpikia siku mbili bila kusema naye. Chakula nilimpa kizuri, sikumnyima. Lakini maneno nilimnyima. Baba Ngalula, mimi nilikuwa nimekuzika mara moja, na huyu mtoto alikuja na daftari lake akakuzika mara ya pili.

Nitakwambia alichofanya, kwa sababu hapo njo nilipojua tumelea mtu. Hakubishana. Siku ya tatu, mchana, aliwasha moto yeye mwenyewe, bila sufuria. Akakaa kwenye kigoda karibu yangu. Tuyo likalia, tukasikiliza mpaka moto ukaisha. Kesho yake vile vile. Alikuwa anajua ni hewa, na alikaa. Siku nyingine tena, tukiwa tumekaa hivyo, akasema taratibu, kama mtu anayesema na moto, kwamba mwalimu wao aliwaambia kuna watu wa Ulaya, wapuliza chupa, ambao zamani walisikia chupa zao zikilia zenyewe pale kioo cha moto kinapokutana na bomba la baridi. Na kwamba sauti ni nguvu, si upepo wa bure. "Weka mkono kwenye redio ikisema kwa nguvu, Mama, utasikia inatetemeka." Spika ya redio ukiipa umeme inatoa sauti. Ukiipa sauti, inatoa umeme. Inafanya kazi kinyumenyume. Mimi darasa langu liliishia mwaka wa tano kwa masista, lakini hilo nililielewa mara moja, alipolieleza mara ya tatu. Moto unazaa sauti, sauti inasukuma spika, spika inatoa umeme. Umeme bila betri, bila jenereta ya mafuta ya mazuti. Na katika nyumba yetu nzima spika ni moja.

Nilimjibu heri aniombe jino. Hakuomba tena.

Yule asiyeomba tena njo mbaya, unamjua, ni kama mimi mama yake, uliyelala naye kitanda kimoja miaka ishirini na miwili. Nilizunguka na jambo hilo, nikifagia liko, nikitwanga liko. Nilijisemea, nimeapa. Kisha nikajisemea, redio ikikaa pale chini ya kitambaa mpaka matanga itakuwa inasema nini, nani ananunua betri. Asubuhi moja niliitoa mwenyewe, nikaiweka mezani, nikampa bisibisi yako.

Na sasa wewe unieleze. Tulipofungua mfuniko wa nyuma tulikuta nini? Vumbi, mende mmoja mkavu, na waya mmoja umefungwa kwa kijiti cha kiberiti na uzi. Uzi mwekundu. Uzi wa kile kikwembe changu ulichosema kimeliwa na panya. Kumbe na wewe uliwahi kuifungua, Baba Ngalula. Ulituwekea sheria miaka yote, na ndani umeficha kijiti cha kiberiti. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Ngalula akaniuliza kama ninalia. Nikamwambia sijui, endelea kufungua.

Tuyo tuliliteremsha, tukalilaza juu ya matofali. Mwisho mmoja tukauziba kwa kifuniko cha kopo na udongo wa chungu, usiingize pumzi hata kidogo. Ndani, shubiri mbili kutoka huko, Ngalula akashindilia nyuzi za chuma za kusugulia sufuria. Mwisho wa pili akafunga spika yako kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Kutoka kwenye redio alichukua pia kile kidude chenye waya nyingi zilizozungushwa, anasema kinaukuza umeme mdogo. Na katika mfuko wake wa plastiki, ule wa kutoshikwa na mtu, kulikuwa na taa nyekundu ndogo, ile inayowaka kwenye redio-kaseti kukuonyesha iko inafanya kazi. Punje ya mchele ni kubwa kuliko hiyo. Tukaweka mbabula, lile jiko la makaa, chini ya tuyo.

Halikulia. Siku nne halikulia. Mimi niliongeza makaa. Nikaongeza tena. Nikaleta mbabula ya pili, ya Mama Asina, nikaiweka pembeni yake, tuyo zima likawa la moto huwezi kulisogelea. Kimya. Ngalula aliandika, akafuta, akaanza kuuma kalamu. Nilikuwa nimeshawaambia watu wote sokoni kwamba mtoto wangu atawasha taa za Mikelenge, na huko sokoni walianza kuniuliza kwa sauti tamu, "Mama Ngalula, taa tuzitazamie leo ao kesho?" Unajua ile sauti.

Siku ya tano nilikuwa nimefua. Joto la mbabula mbili kwenye jiko dogo, nami nimechoka, nikaondoa moja, nikatandika kikwembe kibichi juu ya tuyo, pale kando ya moto, kikauke. Kabla sijageuka, tuyo likalia. Ngalula aliruka, akapiga kichwa kwenye paa. "Usitoe, Mama. Usiguse." Kumbe si moto tu. Ni upande mmoja moto na upande wa pili baridi, karibu karibu, na zile nyuzi za chuma katikati. Mimi nilikuwa nachoma pande zote mbili. Yeye alikuwa ameandika hilo kwenye daftari, amelipigia mistari miwili chini, lakini aliyetia maji ni nani? Ni mimi. Nimemwambia akimwandikia mwalimu wake aliandike na hilo, kwa jina langu kamili.

Ila kulikuwa na jambo. Kikwembe hicho kilikuwa kile cha chama, kile chenye picha ya rais mwenyewe. Ngalula akaniambia polepole, "Mama, geuza picha iangalie ndani, jirani wasije wakasema tunamumwagia Mukubwa maji." Niligeuza haraka. Sasa Mukubwa analitazama tuyo, na hakuna aliyelalamika.

Na taa ikawaka. Hafifu, nyekundu, kama jicho la mtu anayeamka. Haisomeshi barua. Haikuonyeshi hata mahali pa kuweka mguu. Lakini iliwaka, na tuyo likaimba, na tulipogusa spika kwa kidole sauti ikakatika, taa ikazimika, tulipotoa kidole vyote vikarudi. Tulifanya hivyo mara kumi kama watoto.

Basi, Alhamisi Kalala akafika, akichechemea toka stesheni na viatu vyako. Sikumwambia. Nilitaka, lakini kila nikitaka kusema najikuta nampa sahani ya chakula. Jumamosi, watu wameshakula, nimeshavua nyeusi, akasema mbele ya wote, "Shemeji, lete kile kitu cha mama." Nikaleta. Alipokipokea mikono yake ilipanda juu, maana alijiandaa kwa uzito. Akazungusha kitufe. Akakigongagonga.

"Betri zimekufa?"

"Hapana, shemeji. Ndani hakuna kitu."

Watu wakasogea karibu. Kalala akaniuliza kwa sauti ya chini ambayo kila mtu aliisikia, "Uliuza?"

Baba Ngalula, tangu umekufa hakuna neno lililonichoma kama hilo. Mimi, ambaye wakwe zangu walikuwa wakiniita mama wa Kasai, kama mtu wa kwao, ingawa nimezaliwa hapa hapa mtoni. Nilikuwa na maneno mengi ya kujibu, unajua sikosi maneno. Badala yake nilimshika mkono wa abakosi nikampeleka jikoni, ukoo mzima nyuma yetu. Ngalula alikuwa ameshapiga magoti kwenye mbabula, hata hakuinua macho. Mama Asina alisimama mlangoni, sandali zote mbili ameshazivua, amezishika mkononi.

Halikulia. Watu wamejaa, joto, nguo imekauka. Nikasikia mtu nyuma akiguna. Kalala akakunja uso, na nikaona anaanza kugeuka. Nilichukua kikombe, nikamimina maji juu ya kikwembe, yakafanya shaaa, na kabla mvuke haujapanda tuyo likaanza. Chini, zito, likapanda mpaka ukalisikia kwenye meno. Na taa ikawaka.

Kalala alichuchumaa. Alitazama chini ya tuyo, akatazama nyuma yake, akapitisha mkono kutafuta waya. "Hii iko inakula betri gani?" Ngalula akamjibu, "Hakuna betri, baba mudogo. Iko inakula moto wa mama." Akamwonyesha spika. Akaijua, ina lile doa la rangi uliloimwagia ulipopaka madirisha. Akaiwekea vidole viwili ukingoni tu, pasipokata sauti. Alikaa hivyo, na sauti inampita mkononi, mpaka nikaogopa. Kisha akasema, "Hata kuimba, kaka alikuwa anaimba hivi hivi. Nota moja." Jiko zima likaangua kicheko, na mimi nikiwemo. Macho yake yalikuwa na maji, akasingizia moshi. Akaniomba msamaha mbele ya watu kwa lile neno la kuuza. Nami nikamwomba wa kiapo. Akasimama, akanyoosha abakosi yake, akatoa hukumu kama mkubwa wa ukoo: "Spika ibaki. Ile iko na kazi."

Njo hivyo ilivyokwisha. Au karibu ikwishe. Maana tangu Jumamosi anakaa hapa barazani akingojea treni, anaishika redio yako mapajani, anaipima uzito, anasema, "Lakini nitamwambia nini mama? Nimubebee sanduku tupu?" Juzi amesema. Jana amesema. Leo amesema mpaka akalala.

Kwa hiyo nimekaa kuandika. Nimeona sanduku lisiende tupu. Barua hii nitaikunja mara nne, niitie ndani, pale spika ilipokuwa, na kijiti chako cha kiberiti na uzi wangu vibaki hapo hapo, kisha Ngalula afunge mfuniko. Kalala ataisoma njiani kabla ya stesheni ya Kabalo, ana tabia hiyo, mwache. Akifika kwa mama yako aifungue mbele yake na amsomee kwa sauti, asiruke pale penye viatu. Mama yako aliomba kitu kilichokuwa kinasema ndani ya nyumba yako. Mimi bado nasema.

Ngalula atarudi Kisangani mwezi ujao. Anataka kutengeneza lingine kubwa kuliko hili, la kuwasha balbu ya kweli. Ananikataza kuwaambia watu, anasema, "Mama, hii ni taa ya kiroboto." Mimi nimeshawaambia. Tuyo na spika ananiachia mimi, kwa sababu anasema hakuna anayejua kupima maji kama mimi, na hapo amesema kweli.

Najua sasa si wewe unayelia humo. Nimekubali. Lakini upande mmoja ukiwa moto na mwingine baridi, sauti inatokea katikati, hivyo njo ilivyo, na mimi niko upande wangu na wewe uko wako. Hilo halikutoka kwa mwalimu. Nimelifikiri mwenyewe.

Lala vizuri, baba wa mtoto wangu. Paa la choo nimetengenezesha. Nakuahidi hivi: moto nitauwasha, na kile kikwembe sitakiacha kikauke.

Kalala anaamka, anaulizia treni. Acha nikunje karatasi.

Mkeo,
Mama Ngalula